Kero na Gereza

Toronto, 14 Januari 2024

Mjomba Gelasius, shikamoo.

Usiucheke mwandiko wangu. Nimevaa glavu zilizokatwa vidole, maana mtambo wa kupasha nyumba joto umegoma tangu Ijumaa, na mwenye nyumba anasema fundi yuko njiani. Njia hiyo sijui inapitia Tunduru! Binamu Sebastian aliniambia kwenye simu kwamba masikio yako sasa yamekataa simu kabisa, ukipigiwa unaitikia tu "ndiyo, ndiyo" kisha unakata. Basi nimerudi kwenye karatasi. Macho najua bado unayo.

Bibi Veneranda anaendeleaje? Bado anagombana na kuku wa jirani? Huku Mount Dennis sisi ni wazima. Pascal yuko kiwanda kilekile cha mikate. Nicole ametimiza miaka tisa. Ukimsemesha Kiswahili anakuelewa vizuri sana, halafu anakujibu kwa Kiingereza. Nimeshachoka kumgombeza.

Sasa jambo lenyewe. Nina mimba, Mjomba. Daktari anasema nitajifungua mwezi wa saba. Akiwa wa kiume nataka aitwe Chilumba, jina la babu. Mama aliniachia neno hilo kabla hajafa, na Pascal amekubali, ingawa ndugu zake wa Bukavu walikuwa na jina lao mkononi. Wewe ndiye mjomba, neno ni lako, kwa hiyo naomba baraka yako mapema nisihangaike.

Kazini nimebadilishiwa mzee. Yule mama wa Kijamaika niliyekuwa namwangalia amefariki. Sasa namuogesha na kumpikia mzee mmoja wa Kireno, anakaa upande wa Dundas, anaitwa Armindo. Mpole, hanisumbui.

Ni mimi mpwa wako,
Adelina


Newala, 20 Februari 2024

Mpwa wangu mwenye haraka,

Marahaba. Barua yako imefika parokiani, imekaa kwenye droo ya katibu wiki nzima kwa sababu alidhani mimi nimesafiri. Nisafiri niende wapi? Niko palepale chini ya bati langu, natengeneza baiskeli ambazo hakuna anayezipanda tena, wote wamehamia bodaboda. Bibi yako yupo. Kuku wa jirani ameliwa na kicheche, sasa anamgombeza jirani mwenyewe.

Hongera kwa mimba. Kuhusu jina, hapana.

Usinune kwanza, soma. Kwetu jina la mtu halipewi mtoto mpaka tanga lake lianuliwe. Tanga la babu yako halijaanuliwa kwa sababu halijawahi kuwekwa. Hakuna aliyemzika, hakuna aliyemwona maiti. Mama yake alikufa anamngoja. Parokia ikiwaita wajane mbele kupokea sabuni siku za sikukuu, bibi yako hanyanyuki. Wenzake wote wanakwenda, yeye anabaki kwenye benchi ameshika rozari yake, na ole wake atakayemgusa bega. Sasa mimi nimwambie nini? Kwamba kuna mtoto Toronto anaitwa Chilumba, kwa hiyo mume wako amekufa?

Mama yako hakuwahi kukuhadithia vizuri, alikuwa mdogo. Nikuambie mimi niliyeona.

Sisi ni watu wa ng'ambo ya Ruvuma. Babu yako alizaliwa uwanda wa Mueda, kwa Mreno, ambako mwanamume alikamatwa njiani kama mbuzi akapelekwa kufanya kazi ya shuruti, na mwanamke akapangiwa shamba la pamba hata kama watoto hawana muhogo. Babu alivuka mto kijana, akakata mkonge Lindi miaka mingi, akarudi na baiskeli. Baiskeli nyeusi yenye dinamo! Uwanda mzima ulikuja kuigusa kengele.

Waliorudi kutoka mkongeni walirudi pia na neno. Huku Tanganyika watu walikuwa wakilisema sokoni bila kuogopa. Sisi Wamakonde r hutupiga chenga, tulisema uhulu. Wazee wakapeleka ombi kwa Mreno, kwa adabu, nisisitize, kwa adabu. Wakaambiwa njooni Mueda mjini, mkubwa atawajibu. Ilikuwa Juni, mwaka wa sitini. Mimi nilikuwa na miaka minane, nimekaa juu ya keria. Watu walikuja wamevaa nguo za kanisani. Wanaume waliokuja na baiskeli walizilaza pembeni ya uwanja, nyingi, nilifurahi kuziangalia kuliko kumsikiliza mkubwa. Akasema mambo ya mahindi na bei ya korosho. Neno lenyewe hakuligusa. Wasemaji wetu wakafungwa kamba, wakasukumwa ndani ya gari, watu wakalizuia gari, na hapo bunduki zikalia.

Idadi ya waliokufa kila mtu ana yake, sitaki kubishana nawe kwa barua. Najua babu alinibeba begani akakimbia, na baiskeli ikabaki pale.

Mwishoni mwa barua yako uliandika jambo ambalo sikulisoma vizuri. Wino umefifia.

Mjomba wako,
Gelasius


Toronto, 17 Machi 2024

Mjomba wangu mkali, shikamoo.

Bibi mpe salamu zangu na mwambie jirani hana kosa. Mtambo wa joto umetengenezwa, siku mbili kabla theluji haijaanza kuyeyuka. Pascal ana kikohozi. Nicole amechaguliwa kuimba kwaya ya watoto kwenye misa yetu ya Kiswahili, anaimba maneno yote sawasawa. Nikamuuliza maana yake, akainua mabega.

Wino haukufifia, Mjomba. Nilisema namwangalia Mreno. Nasema tena ili usinisingizie.

Na sasa nina la kuongeza, ingawa nimekaa nalo siku kadhaa. Nilikuwa namfuta mgongo huku nikiimba kile kibembelezo cha bibi, cha Kimakonde, bila hata kujua kwamba naimba. Mzee akafumbua macho akasema, "Mueda." Wazi kabisa. Nikamuuliza kwa Kiingereza, umesema nini? Akayafumba tena. Ugonjwa wa kusahau unamla, na binti yake Lurdes anasema Kiingereza ndicho kilichotangulia kuondoka. Jioni Lurdes alipotoka kazini nikamuuliza. Akasema, ndiyo, baba alipelekwa huko kuwa askari ujanani, miaka miwili, hakuwahi kutusimulia, kwani wewe unatokea huko? Nikasema natokea Tanzania.

Nilimaliza kumfuta mgongo, maji yalikuwa bado ya moto. Lakini tangu siku hiyo situlii. Nikimkata kucha naiangalia ile mikono. Nataka kwenda ofisini waniondoe pale, halafu nakumbuka kwamba anakula akilishwa na mimi tu.

Mtoto ni wa kiume, nimeonyeshwa. Ananipiga mateke ndani ya basi la Weston Road mpaka watu wananipisha kiti. Nataka jina lake. Niambie ilikuwaje baada ya Mueda. Ulisimama penye baiskeli kama fundi aliyeishiwa vipuri.

Adelina


Newala, 22 Aprili 2024

Adelina,

Tumepata mvua nyingi, barabara ya Masasi imekatika mara mbili. Bibi yako alikuwa na homa, amepona, anadai ni dawa yake ya majani na si ile ya hospitali. Kikohozi cha Pascal mchemshie tangawizi.

Unauliza ya baada ya Mueda. Baada yake ni vita. Redioni wanasema vilianza Septemba, mwaka wa sitini na nne. Nyumbani kwetu vilianza kwenye sentensi za babu yako.

Tulipovuka kuja Newala, mwaka wa kwanza babu alisema kitu kimoja tu: "Mreno kachukua baiskeli yangu." Akila, akilima, akiamka. Bibi yako alichoka mpaka akawa anamjibu kabla hajamaliza. Wenyeji hapa walituita Wamawia, jina la kutudharau sisi Wamakonde wa ng'ambo, wakatucheka, watu wazima wanalilia baiskeli. Mwaka wa pili wakaanza kuja wanaume wengine waliokimbia, wanakaa uani kwetu. Kila mmoja ana lake, huyu kaka yake alipigwa risasi, yule mkewe alilazimishwa pamba akiwa na mimba ya miezi minane. Siku moja nikasikia babu anasema, "Mreno kachukua baiskeli zetu." Nilishangaa, maana wale wengine hata baiskeli hawakuwa nazo! Baadaye vyama vidogovidogo vya wakimbizi vikaunganishwa Dar es Salaam vikawa chama kimoja, babu akapata kadi. Kuanzia hapo sikumsikia tena akitaja baiskeli. Alisema, "Mreno kachukua nchi yetu," kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza njia. Bibi yako alipoisikia hiyo akaanza kulia. Alikuwa ameelewa kabla yetu.

Aliondoka kwenda kufundishwa, hatukuambiwa wapi. Akarudi na viatu. Sitini na nne akavuka mto na wenzake. Alikuwa anakuja mara chache, bila kutarajiwa, anakaa siku mbili tatu, mama yako ni tunda la safari mojawapo. Sitini na saba akaja mwenzake peke yake. Alikula, akanawa, ndipo akasema: Chilumba alipigwa mguu, tulishindwa kumfikia, tuliona askari wa Kireno wamemweka kwenye machela. Wamemchukua hai.

Neno hilo "hai" limetukalisha miaka yote hii. Uhuru wao ulipopatikana sabini na tano, nilikwenda mtoni kuwangoja waliotolewa magerezani. Walipita watu wamekonda, nikawa namtazama kila mmoja usoni mpaka wengine wakakasirika.

Sasa wewe unaniambia unamkata kucha mtu aliyekuwa Mueda. Muulize. Muulize alikuwa huko mwaka gani, na majeruhi waliokamatwa walipelekwa gereza gani. Usiniletee habari za kikohozi mpaka umeuliza.

Mjomba


Toronto, 19 Mei 2024

Mjomba, shikamoo.

Sitaleta habari za kikohozi. Mimi miguu imevimba, hilo nitasema hata ukikataza.

Sikumuuliza. Nilikaa mbele yake na uji mkononi, swali liko mdomoni, nikashindwa. Kwanza hairuhusiwi kumhoji mgonjwa mambo ya kumtia hofu, naweza kufukuzwa. Pili, siku nyingine akisikia mlango umegongwa kwa nguvu anajificha nyuma ya kochi, mzee wa miaka themanini hivi, na ni mimi ninayemtoa kwa kumwonyesha biskuti. Tatu sijui. Pengine naogopa jibu zaidi yako.

Lakini amesema mwenyewe. Sikumchokoza, naapa. Ilianza mwezi wa tatu, ila nilikuwa sisikilizi, nilidhani ni Kireno tu. Jumapili ndiyo anazidi, na Jumapili asubuhi zamu ni yangu, Lurdes yuko kazini. Anasimama dirishani, anaonyesha nje kwa kidole, anasema, "Kero." Nikadhani nimesikia vibaya. "Kero, kero." Halafu analia na kusema, "gereza." Mjomba, si kitu kinachofanana na gereza, ni gereza! Nikarudia mimi, "Gereza?" Akanishika mikono yote miwili, akafurahi, akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, gereza. Kero, gereza.

Amejifunza wapi Kiswahili kama si kule? Na kati ya maneno yote kwa nini abaki na hayo mawili? Yule aliona kero za watu gerezani na zimemganda. Nimemwaga chai.

Nimekuambia kwa sababu ni haki yako. Sasa na wewe nipe jina la mwanangu.

Adelina


Newala, 15 Juni 2024

Mpwa wangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimesimama.

Kesho ni siku ya Mueda. Naondoka na lori la mbao mpaka Masasi, kisha Mtambaswala, navuka kwenye daraja. Bibi yako nimemwambia naenda kuangalia magereza. Amenichemshia mihogo ya njiani.

Najua hali ya huko. Najua wanamgambo wanachoma vijiji vya pwani na watu wamekimbilia Mueda. Usinihubirie. Simu namwachia Sebastian, mimi na simu tulishaachana.

Gelasius


Toronto, 4 Julai 2024

Mjomba, Mjomba wangu,

Sijui utaisoma lini hii, wala kama utaisoma. Barua yako imefika leo. Nimempigia Sebastian palepale, anasema uliondoka zamani, hakuna habari. Nimemfokea, maskini, naye akanifokea, tukaishia kulia wote wawili.

Rudi. Nimekosea. Hakuna gereza.

Jumapili iliyopita Lurdes alikuwa nyumbani. Mzee akasimama dirishani akaanza, kero, kero, gereza. Nikamwambia Lurdes, unamsikia? Anakumbuka jela ya kule Afrika, anasema kwa lugha yetu. Lurdes akanikodolea macho. Akasema, "Adelina, hicho ni Kireno. Anasema *quero ir à igreja*. Anataka kwenda kanisani." Akaonyesha nje, na kweli, mnara wa kanisa unaonekana pale dirishani. Mimi kila siku naupita! Kero ni "nataka." Gereza ni kanisa.

Ndiyo hivyo. Mzee alikuwa anaomba apelekwe misa, mimi nikamfungulia jela, na wewe nikakutuma huko kwenye moto kwa sababu ya masikio yangu. Nilikucheka kwamba husikii. Mimi ndiye nisiyesikia.

Mtoto ameshuka, mkunga anasema siku yoyote. Mjomba rudi, jina sitaki tena, nitamwita chochote. Rudi tu.

Adelina


Toronto, 11 Agosti 2024

Mjomba,

Naandika Newala kana kwamba uko Newala. Amezaliwa, mzima, ana sauti ya kuuza samaki. Hana jina. Pascal leo amenisimamia jikoni: "Adelina, mutoto iko na mwezi muzima na haina jina. Tutamuita bebe mpaka wakati gani? Mpaka anaoa?" Nikamwambia angoje. Akauliza tunangoja nini, nikaenda kumbadilisha mtoto nepi.

Ofisi imenipa likizo ya uzazi, wamempeleka mtu mwingine kwa mzee. Lurdes anasema mzee hali chakula vizuri.

Nimekukasirikia, nataka ulijue hilo. Mtu wa miaka sabini na mbili, kiziwi, unakwenda kwenye nchi yenye bunduki kwa neno moja la mtu aliyesahau hata jina la binti yake. Kama umekufa sitakusamehe.

Adelina


Newala, 25 Agosti 2024

Mama Chilumba,

Umeliona jina? Basi anza kupumua.

Nimefika juzi, nimekonda, suruali inashikwa na kamba. Nilikamatwa na malaria kule nikalala kwenye turubai la mama mmoja aliyekimbia kutoka pwani na watoto wake watano. Alinilisha uji wa msaada wakati yeye mwenyewe haumtoshi. Aliniambia vijiji vyao vimechomwa na vijana waliowajua kwa majina. Nilikaa pale namwangalia, nikakumbuka ua wetu wa mwaka wa sitini na moja, wanaume wamekaa kila mmoja na lake. Sikupenda kufikiria zaidi.

Barua zako mbili zimenisubiri. Nimezisoma leo. Na sasa nikuambie kitu, usinirushie kikombe kutoka Toronto.

Nilijua.

Adelina, mimi nilianza kusoma kwa mapadri wa Kireno. Kila Jumapili walitukusanya kwa fimbo, *igreja, igreja*, tukimbie kanisani. Jela yao hawaiiti gereza, wanaiita *cadeia*, sisi tulisema kadeya. Barua yako nilipofika kwenye "kero" nikacheka peke yangu chini ya bati. Nilimwona kabisa huyo mzee wako anavyoomba kanisa na wewe unavyomwaga chai. Hao Waswahili wa zamani walisikia kama wewe, ndiyo maana neno la kanisa la Mreno kwetu likawa jela. Sijui kama walikosea sana.

Halafu kicheko kikaisha. Nikajikuta nimesimama. Miaka yote nimesema siku nitakapopata hata neno moja nitakwenda. Hilo lilikuwa neno moja, na halikuwa kweli, na nilijua halitakuja jingine. Mzee wako atakufa, bibi yako atakufa, mimi nitakufa, na babu atabaki kwenye machela milele. Nikaona bora niende na uongo huo kuliko kukaa na ukweli ambao hauji.

Kwa hiyo sikutafuta gereza. Nilikwenda uwanjani pale Mueda. Zipo kumbukumbu zilizojengwa, watoto wa wakimbizi wanacheza pembeni. Nilitafuta upande tulikolaza baiskeli, nikakaa chini. Yule mama wa turubai alinishikia kisu na kikombe cha maji. Nikamwambia marehemu ni baba yangu, Chilumba, na nikalisikia neno "marehemu" likitoka kinywani mwangu mara ya kwanza. Akaninyoa, kama anavyonyolewa mfiwa. Nililia, Adelina, kwa sauti, watoto wakaacha mpira wakaja kunitazama. Kisha wakarudi kucheza.

Nilipofika nyumbani bibi yako alikuwa anachambua mchicha. Akaniangalia kichwa. Sikuwa nimepanga maneno. Akasema, "Umenyoa." Nikasema, "Nimenyoa, mama." Akaendelea na mchicha wake mpaka ukaisha, ndipo akasema:

"Umechelewa. Nilikuwa nakungoja wewe."

Anasema alimlia mumewe kimoyomoyo tangu waliotoka magerezani walipokwisha kupita. Lakini aliniona mimi nimerudi kutoka mtoni kijana mdogo, nimekasirika, nasema atakuja na kundi lijalo. Akaona akifunga kitambaa cheusi atanivunja. Akangoja nikubali kwanza. Na mimi nilikuwa nangoja kwa ajili yake! Huo ndio ujinga wa nyumba yetu, mama na mwana, kila mmoja anamlinda mwenzake asijue anachokijua.

Leo padri aliwaita wajane mbele, kuna mfadhili ameleta sabuni. Bibi yako akanyanyuka. Kanisa zima liligeuza shingo. Akaenda na fimbo yake, akapokea sabuni, akamwambia padri kwamba mwakani waongeze na chumvi.

Kwa hiyo mtoto ni Chilumba. Mpe na la Pascal la pili, tusigombane na Bukavu.

Jambo la mwisho. Usimuulize yule mzee kitu. Nilikwenda na hasira yangu mpaka Mueda, na sijairudisha yote, baadhi ninayo bado. Lakini mtu anaomba kanisa tangu mwezi wa tatu. Mpeleke.

Mjomba wako,
Gelasius


Toronto, 29 Septemba 2024

Mjomba, shikamoo. Bibi shikamoo. Kikombe nimekirusha, ila kimeangukia kwenye sofa.

Nimelia nikacheka, Pascal akadhani nimechanganyikiwa. Nicole amemwita mdogo wake "Chilumba" kwa mara ya kwanza, na r haikumpiga chenga kwa sababu haimo. Huyu anafaa kuwa Mmakonde.

Leo asubuhi nimekwenda kwa Lurdes nikiwa na mtoto mgongoni. Tukamvalisha mzee koti na kofia yake ya sufu, tukamsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka kanisani, ng'ambo ya barabara tu. Misa ya Kireno, sikuambulia kitu. Yeye alijibu kila sala bila kukosea hata moja, mtu ambaye juzi hakujua kijiko ni nini. Sikumuuliza kitu, Mjomba. Nilikaa nyuma yake namwangalia shingo.

Tulipotoka alikuwa ameshavaa kofia, kuna upepo wa baridi. Mtoto akalia, nikamshusha nimtulize, mzee akanyoosha kidole akamgusa unyayo. Akauliza kitu. Lurdes akanitafsiria, anauliza anaitwa nani.

Nikasema, "Chilumba."

Akalirudia polepole. Akauliza ni jina la wapi. Lurdes alianza kusema Tanzania, nikamkatiza. Nikasema mwenyewe, "Mueda."

Akavua kofia, akaiweka magotini, na hakukubali tumvalishe mpaka tumefika nyumbani.

Ni mimi,
Mama Chilumba